MAKAZI YA WANANDOA WANAOFANYA KAZI PANDE MBILI ZA MJI: HAKI, MASAFA NA SWALA

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo:

Miongoni mwa mas'ala yanayowafikia maimamu wa miji mikubwa siku hizi ni hili la mume na mke wenye kazi pande mbili zinazopingana. Tuchukulie mfano wa Dar es Salaam. Mume ameajiriwa Tegeta, kaskazini mwa jiji. Mke ni mwalimu Mbagala, kusini. Wana mtoto anayenyonya, na mkataba wa nyumba yao unakaribia kwisha. Waishi wapi?

Wengi hujibu kwa haraka: "Kaeni katikati." Jibu hili lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Ramani hupima kilomita, Sheria hupima haki. Yawezekana nyumba ikawa katikati kabisa ya njia na bado mmoja akawa amedhulumiwa, mtoto akakosa haki yake, na swala ya Magharibi ikawa inapotea kila siku. Kwa hiyo tutazame kwanza haki zilizomo katika jambo hili, kisha turudi kwenye mfano wetu.

Makazi ni haki ya nani?

Kumpatia mke makazi ni wajibu wa mume. Mafaqihi wametoa dalili kwa aya ya 6 ya Suratut-Talaaq, inayowaamuru waume kuwaweka wake waliowapa talaka pale wanapokaa wao, kwa kadiri ya uwezo wao, na kuwakataza kuwadhuru kwa lengo la kuwatia dhiki. Wakasema: ikiwa mke aliye katika eda ana haki hiyo, basi aliye ndani ya ndoa anastahiki zaidi.

Katika madhhebu ya Imamu Shafi'i, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi katika pwani yetu, kuna jambo la kuzingatiwa hapa. Chakula cha mke hukadiriwa kwa hali ya mume, tajiri au maskini. Ama makazi, huangaliwa yale yanayomfaa mke. Si sharti nyumba iwe milki ya mume. Ya kupanga inatosha. Lakini mume hawezi kusema, "Nimelipa kodi, basi," hali nyumba yenyewe haimfai mkewe kwa usalama na desturi ya watu mfano wake.

Asili ni kwamba mume ndiye mwenye kuchagua mahali, kwa kuwa ndiye mwenye jukumu la kulipia. Hata hivyo uchaguzi huo ni amana. Aya ya 233 ya Suratul-Baqara imetaja kumwachisha mtoto ziwa kuwa ni jambo la kuridhiana na kushauriana baina ya wazazi wawili. Ikiwa jambo hilo limewekewa mashauriano, itakuwaje kuhamia mahali kutakakomtenga mtoto na mama yake tangu alfajiri mpaka usiku? Hilo lina haki zaidi ya kushauriwa.

Madina ulikuwa mji wa vitongoji

Baadhi ya ndugu hudhani kuwa tatizo la masafa limeletwa na miji ya kisasa tu. Historia inaonesha vingine. Madina ya wakati wa Mtume (s.a.w.) haikuwa mji uliobanana sehemu moja. Koo za Answari zilikaa katika mitaa iliyoachana, kukiwa na mashamba ya mitende na mabonde baina yake. Quba ilikuwa upande wa kusini, na vijiji vya Awali vilikuwa juu ya Madina. Katika Sahihi Bukhari imetajwa kuwa baadhi ya sehemu za Awali zilikuwa kiasi cha maili nne hivi kutoka mjini.

Umar bin Khattab (r.a.) aliwahi kukaa huko Awali. Amesimulia kuwa yeye na jirani yake Muanswari walikuwa wakipokezana kuteremka kwa Mtume (s.a.w.): siku moja huyu, siku ya pili yule, na kila mmoja akimletea mwenzake habari za wahyi na mengineyo. Hawakuacha elimu kwa sababu ya umbali, wala hawakuacha shughuli zao. Walipanga zamu.

Banu Salima walitaka kuhama ili wawe karibu na Msikiti wa Mtume (s.a.w.). Yeye akawataka wabaki katika majumba yao, akawafahamisha kuwa nyayo zao za kwenda msikitini zinaandikwa. Na katika mapokezi ya Anas (r.a.) imetajwa kuwa hakupenda pembezoni mwa Madina paachwe patupu. Tunajifunza kuwa kukaa mbali si aibu, na mwendo wa kheri una malipo. Lakini tuangalie vizuri: mwendo ule ulikuwa ukiwafikisha kwenye swala. Haiwi hoja kwa mwendo unaoipoteza swala.

Ama mke mwenye kwenda mbali kwa kazi, tunaye Asmaa binti Abubakar (r.a.), mke wa Zubair (r.a.). Alikuwa akibeba kichwani kokwa za tende kutoka katika ardhi ya Zubair, iliyokuwa umbali wa thuluthi mbili za farsakh, yaani karibu kilomita nne kwa hesabu ya leo. Kisa chake kimo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alipokutana naye njiani alimpigisha ngamia magoti ili ampakie, naye akaona haya. Zubair alipopata habari alisema kuwa kumwona mkewe amebeba mzigo ule kulimuuma zaidi kuliko kama angepanda pamoja na Mtume. Baadaye Abubakar (r.a.) alimpelekea mtumishi wa kumtunza farasi, na Asmaa akaona kama kwamba ameachwa huru. Hakuna aliyemlaumu kwa kutoka kwake, na pia hakuna aliyeiona taabu yake kuwa jambo dogo. Jamaa walitafuta njia ya kumpunguzia.

Kazi ya mke na sharti la ndoa

Mke anayetoka kwenda kazini kwa idhini ya mumewe, katika kazi ya halali na kwa kuchunga adabu za Kiislamu, hahesabiwi kuwa ni mwenye kuasi. Swali gumu ni pale mume anapoibadili hali kwa kuhamisha nyumba.

Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika hadithi ya Uqba bin Aamir (r.a.), kwamba masharti yanayostahiki zaidi kutekelezwa ni yale ya ndoa. Mafaqihi wakahitilafiana juu ya sharti la mke kutohamishwa kutoka nyumbani au mjini kwake. Wafuasi wa Imamu Ahmad wanasema mume akilivunja, mke ana hiari ya kuivunja ndoa. Jamhuri, wakiwemo Mashafi'i, wanasema ndoa ni sahihi, lakini sharti hilo halimfungi mume kwa hukumu ya kadhi. Hata kwa rai hii ya pili, kutimiza ahadi kunabaki kuwa ni tabia ya waumini.

Kwa hiyo aliyeoa akijua mkewe ni mwalimu wa Mbagala, akaridhia, kisha akapanga nyumba mbali kwa makusudi ili mke achoke aache kazi, huyo na aisome tena aya ya 6 ya Suratut-Talaaq. Kutumia makazi kumtia mke dhiki ndiko kulikokatazwa humo. Na mke aliyeolewa bila ya sharti lolote, akakataa kila nyumba isiyokuwa jirani na kazi yake, naye hana haki hiyo. Wote wawili wanafungwa na kanuni moja: hakuna kujidhuru wala kudhuriana.

Liko pia suala la mshahara. Mshahara wa mke ni mali yake, na kodi ya nyumba iko juu ya mume. Ikiwa nyumba inayowafaa wote ina kodi kubwa kuliko uwezo wa mume, na mke akachangia kwa ridhaa yake, huo ni ihsani. Zainab, mke wa Ibn Mas'ud (r.a.), aliuliza kuhusu kumpa mumewe sadaka, akajibiwa kuwa ana malipo mawili: ya ujamaa na ya sadaka. Linalotakiwa ni kubainisha tangu mwanzo kama mchango huo ni zawadi au ni mkopo. Ugomvi mwingi huzaliwa hapo.

Magharibi inayopotea barabarani

Katika Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni kwa kutegemea miezi, na Isha huingia baada ya muda wa saa moja na dakika chache. Hiyo ndiyo saa ya foleni. Anayetoka kazini saa 11:00 na nyumba yake iko upande wa pili wa jiji, adhana ya Magharibi itamkuta ndani ya daladala, na huenda ya Isha ikamkuta humo humo.

Je, yeye ni msafiri? Hapana. Masafa ya kupunguza swala kwa Mashafi'i ni farsakh 16, kiasi cha kilomita 80 na zaidi. Mwendo wa kazini ndani ya jiji haufiki huko.

Je, aikusanye Magharibi na Isha? Kauli inayotegemewa katika madhhebu yetu haimruhusu mkazi kuzikusanya kwa ajili ya foleni. Ni kweli kuwa Ibn Abbas (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alizikusanya swala akiwa Madina bila ya khofu wala mvua, ili asiutie umma wake uzito. Imamu Nawawi ametaja kuwa kundi la maimamu, akiwemo Ibn Sirin, na Ash-hab katika wafuasi wa Malik, wamejuzisha kukusanya kwa haja kwa yule asiyelifanya kuwa ni mazoea. Neno lenye uzito hapa ni hilo la mwisho. Siku barabara ya Jangwani ikifungwa kwa mafuriko ya Msimbazi, hiyo ni haja. Kuchagua nyumba itakayokulazimisha kukusanya swala siku tano kila wiki ni kujipangia mazoea.

Wala isisemwe, "Nitaswali kitini." Kwa Mashafi'i, aliyebanwa ndani ya chombo asiweze kushuka huswali kwa kuheshimu wakati, kisha huirudia. Njia iliyo salama ni kushuka penye msikiti ulio njiani, kuswali, kisha kupanda gari jingine. Anayetafuta nyumba na aihesabu nauli hiyo ya pili pamoja na kodi.

Alfajiri nayo ina hesabu yake. Anayelazimika kuwa kituoni saa 10:30 usiku anatoka kabla ya wakati wa swala kuingia. Na ajue mapema ataswalia wapi.

Kuupima mfano wetu

Sasa turudi kwa mume wa Tegeta na mke wa Mbagala. Njia baina ya sehemu hizo inapita Barabara ya Kilwa, Mandela, Ubungo, Sam Nujoma, Mwenge, kisha Barabara ya Bagamoyo. Buguruni, Tabata au Ubungo ni katikati. Kabla ya kuamua, wapime kwa mpangilio huu:

1. Swala. Nani kati yao, kwa nyumba ipi, atakosa wakati wa faradhi? Nyumba inayompotezea mmoja wao swala kila siku iondolewe kwanza.

2. Mtoto na wazee. Mtoto anayenyonya anamhitaji mama. Muda wote wa kunyonyesha, mizani inaelemea Mbagala au jirani yake, hata kama mume ataongezewa mwendo. Mzazi mgonjwa anayewategemea naye ahesabiwe hapa.

3. Saa za kazi, si kilomita pekee. Mwenye kazi za zamu anayesafiri nje ya saa za msongamano huweza kubeba umbali ambao mwenzake hawezi. Usalama wa mke anayerudi gizani ni katika haki zake.

4. Uwezo. Wasichukue nyumba ya katikati kwa deni linaloacha watoto bila chakula.

5. Jirani na msikiti. Katika hadithi aliyoipokea Ibn Hibban kutoka kwa Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.), nyumba pana, jirani mwema na kipando kizuri vimetajwa pamoja na mke mwema kuwa ni katika furaha ya mtu. Tazama namna nyumba na kipando vilivyowekwa mahali pamoja.

Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita au ya mwaka, ambayo ndiyo desturi ya wenye nyumba wengi, kila mmoja aijaribu njia yake asubuhi na jioni siku ya kazi. Wachunguze pia kama kazi yenyewe yaweza kuhama: huenda uhamisho wa mwalimu ukawa mwepesi kuliko kuhamisha familia. Na wakubaliane kuwa uamuzi huo ni wa mkataba mmoja. Mtoto akishaachishwa ziwa waupime upya, ili aliyebeba umbali mwaka huu apunguziwe mwaka ujao. Hiyo ndiyo zamu ya Umar na jirani yake.

Wakishindwa kuafikiana, aya ya 35 ya Suratun-Nisaa imeelekeza kuleta mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwingine kutoka kwa jamaa za mke pale inapokhofiwa mfarakano. Imamu anayeletewa jambo hili asitoe hukumu kabla ya kuuliza: kulikuwa na sharti gani siku ya ndoa? Nani analea? Magharibi huwakuta wapi? Majibu ya maswali hayo matatu mara nyingi humtosha kuona haki iko wapi.

Salman (r.a.) alimfundisha ndugu yake Abu Dardaa (r.a.) kuwa Mola ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na mkewe ana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake, na Mtume (s.a.w.) akasema kuwa Salman amesema kweli. Nyumba itakayowawezesha mume na mke kutimiza hayo ndiyo iliyo karibu, hata kama iko mbali na mjini.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.