Mkeka Uliosimama

Sogea karibu, mpwa wangu. Unauliza wakfu ni nini? Umeuliza la maana sana! Wakubwa wengi hapa Buguruni hulitamka neno hilo wakapita zao.

Tumwulize mkeka wa msikitini.

"Mimi nilikuwa ukindu," unasema mkeka. "Nikasukwa, nikauzwa. Nikapelekwa Kariakoo, nikauzwa tena. Bibi mmoja akaninunua, akanileta msikitini, akasema: mkeka huu ni wakfu. Basi, hapo nikasimama."

"Mjomba, mkeka umelala! Umesimamaje?"

Ahaa! Hapo umepiga penyewe. Wakfu limetoka kwenye Kiarabu, waqf, na kiini chake ni kusimama, kusimamisha. Kituo cha gari Waarabu hukiita mawqif. Ni ndugu yake wakfu. Unaijua daladala inavyokimbia Barabara ya Uhuru? Ikifika Buguruni Sheli konda anagonga bodi, gari inasimama. Mali nayo hukimbia hivyo. Leo yangu, kesho nimeiuza, keshokutwa wanarithi watoto wa aliyenunua. Ikiwekwa wakfu imefika kituoni. Haiuzwi. Haigawiwi mtu. Hairithiwi. Lakini faida yake haisimami! Sahaba Umar alipopata shamba huko Khaibar, Mtume Muhammad alimshauri alizuie shamba lenyewe, mazao yake yawe sadaka.

"Mbona na jirani zetu kanisani wanasema wakfu?"

Wanasema, na mimi nalipenda sana jambo hili: neno moja, pande zote mbili za uchochoro wetu. Kanisani hata mtu huwekwa wakfu. Laurean Rugambwa, mtoto wa Kagera, aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1952. Mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi. Mwaka 1968 akaja kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, akatumikia hadi 1992.

"Kumbe alitembea sana, Mjomba! Hakusimama."

Miguu ilitembea, mpwa wangu. Ila hakuwa tena mali yake mwenyewe. Asubuhi ilikuwa ya kazi ya Kanisa, na uzee ukawa wa kazi ile ile.

"Na mkeka ukichakaa?"

Lo, mtoto huyu! Swali hilo wamelijadili wanazuoni wakubwa. Wapo wa Kishafii, madhehebu ya wengi wa pwani yetu, walioruhusu mkeka wa msikiti uliochakaa uuzwe, na pesa yake irudi msikitini humo humo. Ikitosha, hununuliwa mkeka mwingine.