Habari Isiyo na Msemaji

Jumamosi asubuhi, tarehe 16 Novemba 2024, liliporomoka jengo la ghorofa huku kwetu Kariakoo, penye Mtaa wa Mchikichi na Mtaa wa Congo, likawafukia wafanya biashara na wateja wao. Sisi tukaao karibu na soko tuliona vumbi kabla hatujasikia neno. Adhuhuri haijaingia, simu zilikwisha jaa habari za kila namna: huyu kataja idadi, yule kaleta picha, wa tatu kaorodhesha majina ya maiti.

Katika orodha moja nililiona jina la kijana aliyesoma chuoni kwangu. Astaghfirullah, sikuuliza ni nani aliyeiandika. Nilivaa kanzu yangu nikaenda kumpa mama yake mkono wa pole. Mikeka ikatandikwa, wanawake wakaangua kilio. Baada ya Alasiri kijana akaingia mlangoni, nguo zimejaa vumbi. Kumbe alikuwa akisaidia kutoa watu chini ya kifusi, na simu yake imezima. Mama alimkumbatia mwanawe, kisha akanitazama mimi. Mtazamo ule ninao hata leo.

Ajabu ni kwamba siku zilizofuata, barazani, watu wale wale waliosambaza orodha ile waliyalaumu magazeti na redio. Wakasema: "Jana wafu 13, leo 16, mara 20. Waongo hawa!" Nami nilikaribia kuitikia. Lakini maiti walikuwa wakitolewa siku baada ya siku. Hesabu isiyobadilika ndiyo ambayo ingalikuwa ya uongo. Gazeti lilitaja siku na kiongozi aliyesema. Ile orodha haikuwa na siku wala mwenyewe, wala hakuna aliyekuja kuisahihisha.

Sisemi kuwa magazeti hayana ila. Wazee wetu wa mji huu walisoma Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza mwaka 1923, wakijua kuwa yako mambo lisiyoyasema. Mwaka 1937 Erica Fiah, mwenye duka aliyetoka Uganda, alitoa gazeti lake Kwetu, ili Mwafrika naye apate pa kusemea. Na mwaka 2020, baada ya tarehe 29 Aprili, hesabu za wagonjwa wa korona hazikutangazwa tena kwa zaidi ya mwaka mzima. Ndipo kila mtu akajifanyia hesabu yake kwa jeneza aliloliona likipita. Mwenye habari akinyamaza, mzushi hupata kazi.

Nami najilaumu zaidi ya msomaji mwingine, kwani jambo hili ndilo nilifundishalo. Sura ya Al-Hujurat imetuamrisha kuipeleleza habari iletwayo na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Imamu Bukhari hakuipokea Hadithi mpaka ajue nani kaisikia kwa nani, naye mtu huyo alikuwa mkweli wa namna gani. Hayo nayahifadhi tangu utotoni, na siku ile simu iliyashinda.

Siku hizi kila Alhamisi wanafunzi wangu huleta habari moja moja, nami huwauliza: nani kasema? Aliona, au alisikia? Je, yule aliyelaumiwa kaulizwa naye? Wiki ya kwanza zililetwa habari 12. Tatu tu ndizo zilizopata msemaji, na moja katika hizo ilikuwa bei ya vitunguu, ambayo mtoto aliisikia mwenyewe sokoni.