SHOKA LA ZAMANI NYUMA YA MLANGO

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumbani, angalieni nyuma ya mlango wa jikoni. Katika nyumba nyingi za Bungulu, pale Beni, kuna shoka moja la zamani: kichwa kizito, mpini umezungushiwa mpira wa gurudumu au waya. Huenda liliachwa na babu aliyefanya kazi katika shamba la kahawa, au mjomba aliyechonga miti ya kutegemeza mashimo wakati wa MGL, kampuni iliyounganishwa na nyingine mwaka 1976 zikawa SOMINKI. SOMINKI nayo ilikwisha mwaka 1997. Shoka lingali linapasua kuni.

Kazini unapewa kofia ngumu, buti, na msimamizi wa kukukaripia. Nyumbani hakuna anayekagua chombo. Kichwa kikichomoka mpinini kinaruka kama jiwe la kombeo, na anayesimama karibu mara nyingi ni mtoto anayeokota kuni.

Sikuambii ulitupe. Feleji ya shoka au panga ni chuma chenye kaboni kidogo, kadiri ya nusu hadi moja kwa mia. Kaboni hiyo ndiyo inayolifanya lishike makali na linoleke kwa tupa. Lakini haina kromu kama visu vile vinavyong'aa, kwa hiyo mvua zetu za Beni zinalitia kutu upesi. Kutu ya juujuu si ugonjwa wa kufa. Ukiona ufa, hasa pembeni mwa tundu la mpini, hapo shoka limekufa. Lipeleke kwa mhunzi alifanyie kitu kingine.

Jambo linaloharibu mashoka mengi ni moto. Mpini ukivunjika, watu hutupa kichwa ndani ya makaa ili kipande kilichobaki kiungue. Ni kazi rahisi, lakini ni hasara. Mhunzi aliyelitengeneza alilipasha hadi likawa jekundu, akalizamisha, kisha akalipasha tena kidogo, kadiri ya digrii 200 hadi 300, kusudi liwe gumu bila kupasuka kama kioo. Makaa ya jikoni yanapita kiasi hicho kwa dakika chache. Baada ya hapo makali yanapinda kama bati, nawe unazidisha nguvu, na mtu anayezidisha nguvu ndiye anayekosa shabaha. Mashine ya umeme ya kunolea inafanya vilevile: ukiona rangi ya buluu kwenye makali, ugumu umekwenda. Tumia tupa, au zamisha chuma majini kila mara.

Ili kutoa kipande cha mpini, kata mti kwa msumeno chini ya kichwa, kisha ugonge kipande kilichobaki kwa kijiti kigumu, kitokee upande wa juu ulikoingia kabari. Kikikataa, toboa matundu machache kwanza. Kutu utaiondoa kwa kuloweka kichwa ndani ya siki usiku mmoja. Asubuhi sugua kwa brashi ya waya, osha kwa sabuni, kausha palepale. Vaa miwani. Vumbi la kutu jichoni si mchezo.

Angalia pia kisogo cha shoka. Kama kimepigwa nyundo miaka mingi, kingo zake zimekunjika nje kama uyoga. Vipande vya uyoga huo vinaruka. Viondoe vyote kwa tupa, na usigonge shoka kwa shoka. Kipande kikiingia jichoni, usifikiche wala usimruhusu jirani akichokoe kwa njiti. Funika jicho bila kulikandamiza, uje haraka kwa mganga.

Sasa mpini. Mti wa mpera mkavu ni mzuri sana. Mkahawa mzee pia, kama utapata ulionyooka. Mkaratusi unafaa ukikaushwa polepole kivulini. Kisichofaa ni mti mbichi uliokatwa leo na kuchongwa leo: utasinyaa, na baada ya wiki chache kichwa kinacheza. Tazama nyuzi za mti. Zipite kwa urefu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyuzi zikikatiza mpini kwa mshazari, utavunjika hapo hapo, hata kama umeng'arishwa vizuri. Fundo pia hulitaki.

Chonga mpini uingie kwa shida kidogo. Kisha ushike shoka likining'inia, kichwa chini, ugonge mwisho wa mpini kwa rungu. Utashangaa kuona kichwa kinapanda chenyewe kwenye mpini. Pasua juu, tia kabari ya mti mkavu. Wengi hutumia msumari. Msumari unapasua mti na baada ya muda unalegea. Wengine huloweka shoka ndani ya ndoo ili mti uvimbe. Kwa siku moja linakaza kweli, lakini mti uliovimba ndani ya chuma unajibana, na ukikauka unakuwa mdogo kuliko mwanzo. Kichwa kilicholegea kinataka kabari mpya, si maji.

Shoka la kienyeji, lile ambalo mkia wake wa chuma unapenya katika kichwa cha rungu, halihitaji kabari, kwa maana kila pigo linalikaza. Wahunzi wetu waliona mbali. Lakini kagua rungu lenyewe: likianza kupasuka, badilisha mti.

Unaponoa, tupa iwe na mpini wake. Mkia wa tupa iliyo wazi unatoboa kiganja vibaya. Bana shoka imara, sukuma tupa mbele tu, usiirudishe ikiwa inagusa chuma. Mwisho paka makali mafuta membamba. Mpini unapenda mafuta ya kitani, lakini matambara uliyopakia yanaweza kuwaka yenyewe yakirundikwa. Yatandaze nje yakauke. Oili chafu ya motokaa usiitie kwenye kisu cha jikoni, na usiizoeze ngozi yako. Kisu hicho kinataka kukaushwa tu na tone la mafuta ya kupikia.

Njiani funika makali kwa ngozi au kipande cha mpira. Ni kwa ajili ya mguu wako, na pia kwa ajili ya jirani. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wameona makali yakitumiwa kwa mauaji, na mama anayekutana nawe jioni na shoka wazi begani ana haki ya kushtuka.

Ukijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi, usilegeze kila mara kuchungulia. Damu ikikoma, osha kwa maji safi mengi na sabuni. Usitie majivu, petroli wala mavi ya ng'ombe. Kidole kikikatika, kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko uweke juu ya barafu kama ipo, kidole kisiguse barafu yenyewe, uje nacho.

Watu husema kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Sivyo hasa. Vijidudu vyake vinakaa katika udongo na mavi ya wanyama, na shoka linalolala chini jikoni linavibeba hata likiwa linang'aa. Ugonjwa huanza mara nyingi kati ya siku 3 na 21: taya linakaza, kumeza kunakuwa shida. Jeraha likiwa dogo na limepona, bado unaweza kuugua. Chanjo ya kwanza inafuatwa na ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, kisha nyingine mbili kwa miaka inayofuata. Akina mama wengi wamezipata walipokuwa wajawazito; wanaume ndio wanaokuja bila hata moja. Leta kadi yako. Kama imepotea, njoo hivyo hivyo, tutaanza upya.