Mchungaji Anapohamishwa: Daftari, Saini na Ahadi

Kuhamishwa kwa wachungaji ni jambo la kawaida katika sharika zetu, na wajumbe wa baraza la wazee na wenyeviti wa kamati nao hubadilika. Anayebaki mara nyingi ni katibu wa usharika pamoja na mtunza hazina. Juu ya hao tunasema machache.

Upareni jambo hili lina historia. Mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig waliondoshwa na Waingereza, na ndugu wa Augustana kutoka Marekani hawakuja mpaka 1922. Walimu na wazee wenyeji ndio waliobaki na kundi. Wakulima wa milimani wanaelewa habari hii vizuri kuliko sisi wenye vyeti: ndiva hujazwa usiku, maji hufunguliwa mchana kwa zamu, msimamizi akibadilika na zamu isijulikane, shamba la mtu hukauka.

Katika Makanya, kwenye tambarare kando ya reli na barabara kuu, washarika wenyewe huhama kufuata mkonge, jasi na biashara. Mchungaji mgeni asiyepewa daftari sahihi la washarika atawahubiria watu asiowajua. Saini za benki nazo zisingoje: zikibaki za aliyeondoka, posho ya mwinjilisti hukwama.

Lakini vitabu peke yake havitoshi. Tulipopokea usharika mmoja, tulikabidhiwa funguo, mhuri, vitabu vya ubatizo na ndoa, na hesabu ya fedha. Yote yalilingana, tukatia sahihi. Baada ya miezi mitatu akaja mama mjane. Alikuwa ametoa sehemu ya kiwanja chake ijengwe nyumba ya mwinjilisti, naye akaahidiwa mabati ya kuezekea nyumba yake. Ahadi ilitolewa kwa nia njema, kwa mdomo, wala haikuonekana katika muhtasari wowote. Katibu aliijua. Tulipomwuliza mbona alinyamaza, alijibu kwa upole kwamba hakuulizwa.

Hatukuweza kumlaumu. Kwa hiyo tunashauri hati ya makabidhiano iwe na ukurasa wa ahadi na madeni yasiyoandikwa popote, na katibu aulizwe mbele ya wachungaji wote wawili, kabla mizigo haijapakiwa garini. Paulo naye, baada ya miaka mitatu Efeso, aliwaita wazee Mileto akawaeleza mambo waziwazi kabla ya kupanda merikebu.

Iko hatari ya upande wa pili. Katibu aliyeona wachungaji wanne wakipita huweza kujifanya wa tano, na kila neno jipya akalijibu, “Hapa kwetu hatufanyi hivyo.” Kazi yake ni kueleza lililoamuliwa na sababu yake, kuamua upya ni kazi ya baraza.

Yule mama alipata mabati yake baada ya mavuno mawili. Siku ile ile kiwanja kiliandikiwa hati, mbele ya mwenyekiti wa kijiji.