Bibo: tunda la Amerika ya Kusini lenye tabia ya mvinyo mwekundu

Msimu wa korosho unapofika katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Mocímboa da Praia hadi Olumbi na Palma, harufu ya mabibo yanayochacha humfikia mpita njia kabla hajauona mkorosho wenyewe. Korosho huokotwa ikauzwa. Bibo, ambalo uzito wake ni mara tano hadi kumi ya korosho yake, mara nyingi huachwa chini likaoza.

Mti huu ni mgeni aliyekwisha kuwa mwenyeji. Asili yake ni kaskazini-mashariki mwa Brazil, ambako Watupi waliuita acajú. Wareno wakasema caju, na Waswahili wakalipokea jina hilo kwa kusema kanju. Mabaharia wa Ureno waliuleta Msumbiji na Goa katika karne ya 16. Lakini kabla Wareno hawajafika Brazil, Watupi walikuwa tayari wakikamua mabibo na kuyaacha maji yake yawe kileo. Katika bara hilo, basi, mvinyo wa mabibo ni wa kale kuliko mvinyo mwekundu wa Chile na Argentina, ambao mizabibu yake ya kwanza ilipandwa na Wahispania.

Vinywaji hivi viwili vina undugu wa ladha, si wa rangi. Anayekunywa mvinyo mwekundu huhisi ukakasi unaokausha ulimi. Hiyo ni kazi ya tanini zilizomo katika maganda na kokwa za zabibu. Bibo nalo limejaa tanini, ndiyo maana anayeling'ata hukunja uso hata likiwa limeiva. Lina sukari nyingi na ngozi nyembamba, kwa hiyo likianguka na kupasuka huanza kuchacha mara moja. Maji yake yakiachwa siku chache huwa uraka, pombe nyepesi yenye utamu na uchachu. Uraka ukichemshwa na mvuke wake kukusanywa, hupatikana kileo kikali ambacho upande wa Msumbiji huitwa nipa na upande wa Tanzania gongo.

Historia ya vileo hivi ina uchungu wake. Mwanzoni mwa karne ya 20, utawala wa Ureno ulibana utengenezaji wa pombe za kienyeji, hasa kusini mwa Msumbiji. Afya ya wenyeji ilitajwa, lakini haja kubwa ilikuwa soko: mvinyo wa Ureno ulihitaji wanunuzi, na mshahara wa kibarua ulionekana kuwa mahali pazuri pa kuutafuta.

Kwingineko bibo limepata heshima. Kileo cha mabibo cha Goa, feni, kililindwa kisheria mwaka 2009 kama bidhaa ya mahali hapo. Katika jimbo la Piauí, Brazil, hutengenezwa cajuína, kinywaji kisicho na kileo kabisa: maji ya bibo huondolewa tanini, huchujwa yakawa maangavu, kisha huchemshwa ndani ya chupa hadi yapate rangi ya dhahabu. Mwaka 2014 Brazil iliutambua utengenezaji wake kuwa urithi wa taifa. Kwa pwani ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu, njia hiyo huenda ikafaa kuliko mvinyo wowote.

Hata hivyo, mikorosho ya Msumbiji imepita katika mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchi hiyo ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa korosho duniani. Zikafuata vita vya 1977 hadi 1992, ugonjwa wa ubwiriunga, na kufungwa kwa viwanda vya kubangua baada ya kodi ya korosho ghafi zinazouzwa nje kupunguzwa katika miaka ya 1990. Machi 2021, shambulio la Palma liliwatawanya maelfu ya watu wilayani humo. Mkorosho usiopogolewa huzidi kusongamana matawi na kupungua mazao, na familia inayorejea shambani huanza na panga kabla ya kikapu. Korosho yake ikikauka vizuri huweza kumngoja mnunuzi kwa miezi. Bibo halingoji hata siku mbili.