Mkanda wa Taimingi Ukikatika
Ndugu dereva, injini ikizimika ghafla njiani, kisha stata ikaizungusha kwa wepesi usio wa kawaida bila kuwaka, acha kupiga stata. Huenda mkanda wa taimingi umekatika. Katika injini nyingi pistoni hugonga vali zilizobaki wazi na kuzipinda; kila ukijaribu tena, hasara huongezeka.

Fundi akifunga mkanda mpya, alinganishe alama, abadili na rola ya kukazia, kisha azungushe krenkshafti kwa spana mizunguko 2 kamili. Ikikwama, asilazimishe. Halafu apime kompresheni.

Mkanda ni mpira, huchakaa kwa kilomita na kwa miaka. Andika katika daftari la gari tarehe uliyoomba ubadilishwe, usije ukakatwa mshahara kwa kosa la aliyekataa kuununua.