Kipimajoto Safarini: Kutoka Majimoto ya Songwe hadi Bonde la Kyela

Mwanafunzi wa jiografia hukutana na chemchemi za maji ya moto katika ukurasa mmoja au miwili ya kitabu, kisha huendelea na somo jingine. Iko barabara katika kusini-magharibi ya Tanzania ambayo, kwa safari ya siku mbili, humwonyesha kwa macho yake yale aliyoyasoma. Safari hiyo huanzia magharibi ya mji wa Mbeya, hupanda milima ya Uporoto, hupita chini ya Mlima Rungwe, na huteremka hadi tambarare ya Kyela kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: kipimajoto cha maabara, sufuria ndogo, jiko, ramani na daftari. Katika vyote hivyo, daftari ndilo lenye thamani kubwa kuliko vingine, kwa sababu itakayoelezwa mwishoni.

Maji yajengayo mawe

Kutoka Mbeya tunafuata barabara kuu iendayo Tunduma, tunapita Mbalizi, kisha tunaiacha lami na kuteremka kwenye bonde la Mto Songwe. Msomaji asichanganye mito miwili yenye jina hilo. Mmoja huingia Ziwa Nyasa nao ni mpaka wa Tanzania na Malawi. Huu wetu huenda kaskazini hadi Ziwa Rukwa.

Kando ya mto huu maji hububujika kutoka katika nyufa za miamba, na joto la baadhi ya chemchemi hufikia kiasi cha nyuzi 80 za sentigredi. Mgeni huona mapovu akadhani kwamba maji yanachemka, nayo hayachemki. Mapovu yale ni hewa ya ukaa inayotoka majini, mfano wa chupa ya soda iliyofunguliwa kizibo. Mwalimu akitaka kuthibitisha jambo hili, na apitishe hewa hiyo katika maji ya chokaa safi, nayo yatageuka kuwa meupe kama maziwa.

Hewa hiyo ndiyo iliyofanya kazi kubwa iliyotuzunguka hapa. Ikiwa imeyeyuka majini kule chini kwenye kani kubwa, huyafanya maji yawe na asidi kidogo, na asidi hiyo huyeyusha chokaa ya miamba. Maji yafikapo juu, kani hupungua, hewa hutoroka, na chokaa haiwezi tena kukaa majini, basi huganda. Ukoko mweupe tunaouona ndani ya birika la chai ni ndugu wa mawe haya. Tofauti ni kwamba birika huchukua miezi, na Songwe imechukua maelfu ya miaka, hata ikajenga matabaka mapana ya jiwe liitwalo travatini. Watu wamelichonga jiwe hilo kwa ajili ya ujenzi, na maji yangali yakiendelea kulitengeneza.

Mvua iliyorudi

Watu wengi hudhani kwamba maji ya moto hutoka tumboni mwa volkano. Uchunguzi wa kemia umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji ya chemchemi za namna hii ni mvua ya kawaida, iliyozama katika nyufa za milima, ikapashwa moto chini, ikarudi juu kwa njia nyingine. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi yenye ujazo ule ule, kwa hiyo hupanda mahali popote yapatapo ufa.

Hapa pana hesabu nzuri ya kufanya darasani. Katika sehemu nyingi za dunia joto la ardhi huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 kila tunaposhuka kilomita moja. Tuchukue nyuzi 30. Iwapo mvua iliyoingia ardhini ilikuwa na nyuzi 20, nayo imetoka na nyuzi 80, basi ilishuka angalau kilomita mbili. Mahali penye volkano joto huongezeka upesi zaidi, na kina huweza kuwa kidogo. Kwa upande mwingine, maji hupoa yapandapo, na hilo hutaka kina kikubwa zaidi. Kwa hiyo jibu letu ni la makisio tu, lakini ni mwanzo mzuri wa kufikiri.

Kupanda Uporoto

Tunarudi Mbeya, mji ulio kwenye kimo cha kiasi cha mita 1,700, na tunachemsha maji. Kipimajoto kitasimama karibu na nyuzi 94, wala si 100, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Kule Uyole tunageuka kusini na barabara inaanza kupanda. Mashamba ya viazi yanafunika miteremko, ukungu unashuka, na abiria wanafunga vifungo vya makoti yao. Barabara ikiwa imevuka mita 2,000, tunachemsha tena: sasa ni karibu na nyuzi 93. Wanafunzi watakumbuka somo hili kuliko fomula yoyote iliyoandikwa ubaoni.

Magharibi ya barabara, baada ya mwendo wa miguu kupita msituni, liko Ziwa Ngozi. Ni shimo la volkano lenye kuta za mwinuko mkali, na ndani yake maji yenye kina cha zaidi ya mita 70, yasiyo na mto wa kuyatoa nje. Mahali hapa si pa kawaida. Mikono mitatu ya Bonde la Ufa, yaani ule wa Rukwa, wa Usangu na wa Nyasa, hukutana katika eneo hili la Rungwe, na penye makutano hayo magma ilipata njia ya kupanda.

Wachunguzi hawajakubaliana juu ya jambo moja. Wako waliosema kwamba maji ya Songwe hupata joto lake upande wa Ngozi, kisha husafiri chini ya ardhi zaidi ya kilomita 30. Wengine huona kwamba Songwe ina mfumo wake wenyewe, unaofuata nyufa za Bonde la Rukwa. Kila upande una hoja zake za kemia na za miamba, na hakuna awezaye kukata shauri kwa kutazama uso wa nchi tu.

Kuteremka Kyela

Baada ya Ngozi barabara hufuata migomba na mashamba ya chai. Katika Mto Kiwira twaweza kuona Daraja la Mungu, upinde wa lava iliyoganda ambao mto umepata njia chini yake. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Maji ya kupashwa moto hayakosekani! Juu yetu Rungwe yasimama kwa mita 2,960, na kusini-mashariki yake ni Kiejo, volkano iliyotoa lava takriban mwaka 1800, tukio lililobaki katika masimulizi ya Wanyakyusa.

Kisha tunateremka. Joto la hewa linapanda, minazi na mikakao inaonekana, na chungu chetu cha majaribio sasa kinachemka kwenye nyuzi 98 na zaidi. Chini ya miteremko ya Kiejo, penye ufa mkubwa uitwao Mbaka, ziko chemchemi za Kilambo zenye joto la kiasi cha nyuzi 60. Hewa ya ukaa haikosekani huku pia. Katika eneo la Kiejo huvunwa kwa visima na kutiwa katika vinywaji baridi.

Kwa nini daftari

Nchini Kenya mtambo wa kwanza wa umeme wa jotoardhi wa Olkaria ulianza kazi mwaka 1981 kwa megawati 15, na leo nguvu hiyo ni tegemeo kubwa la taifa hilo. Tanzania iliunda kampuni ya umma ya kuendeleza jotoardhi mwaka 2013, na Ngozi, Songwe na Kiejo-Mbaka zimo katika orodha ya maeneo yake. Mwaka 2021 visima vya utafiti vilivyochimbwa Kiejo-Mbaka vilikuta maji ya moto. Umeme usiotegemea mvua ya mwaka wala mafuta ya kigeni ni baraka kubwa.

Hata hivyo, kila mavuno yana hesabu yake. Huko Wairakei, New Zealand, kituo cha umeme wa jotoardhi kilianza kazi mwaka 1958, na baada ya miaka michache chemchemi mashuhuri zilizokuwa zikiruka katika bonde la jirani zilinyamaza. Walioweza kueleza badiliko hilo ni wale waliokuwa na vipimo vya awali.

Hapo ndipo shule inapoingia. Chagueni chemchemi moja na kuipima kila muhula, mahali pale pale na kwenye kina kile kile. Andikeni tarehe, saa, joto la maji, joto la hewa, na kama mvua ilinyesha juma lile. Kipimajoto kifungwe kwenye fimbo ndefu, maana maji ya nyuzi 80 huunguza ngozi mara moja, na ukoko wa travatini huweza kuvunjika chini ya mguu. Msiiname wala kuingia katika mashimo yaliyo karibu na chemchemi. Hewa ya ukaa ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, hutuama humo, nayo huua bila harufu.

Visima vikubwa vitakapoanza kazi, mtu atauliza kama chemchemi zimepoa. Jibu litatoka katika madaftari yaliyoanza kuandikwa kabla ya hapo.